Picha ya Marehemu wa Runingu

Kompyuta yenyewe haikuwa na jeraha lolote. Inspekta Olga Kaneza aliizunguka mara mbili, akainama kutazama nyuma yake, akatikisa mlango wa ofisi, akazipapasa nondo za dirisha moja moja, na kila kitu kilikuwa kizima. Angekuta kufuli limevunjwa angefurahi, maana kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amezoeana na makufuli yaliyovunjwa. Wizi huu wa kuiba kitu na kukiacha palepale mezani ulimkera tangu Jumatatu.

Ofisi ilikuwa ya Umoja wa Mpunga Wetu, chama cha wakulima wa Kiringye, chumba kimoja katika mtaa wa Kimanga, Uvira. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na karatasi sitini na tatu za ushahidi wa mipaka ya mashamba, fishi, kama wenyewe walivyoziita. Zote zilikuwa zimepigwa skana, kila moja na alama ya kidole gumba cha mzee aliyeshuhudia. Karatasi zenyewe zilichukuliwa na mafuriko, na wazee wengi wenye vidole vile walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kesi ya mashamba ilikuwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

Hilo lilikuwa baya, lakini lililomsumbua Olga lilikuwa jingine. Anne-Marie, katibu wa ofisi, mjane wa watoto watatu, alikuwa mahabusu tangu Jumatatu saa kumi alasiri, akituhumiwa kuwauza wakulima. Sheria ilimpa Olga saa arobaini na nane. Leo saa kumi, ama amwachie, ama ampeleke Parke kwa mwendesha mashtaka, na aliyepelekwa Parke aliweza kukaa gerezani mwaka mzima akisubiri kuulizwa jina lake.

"Mama Inspekta, munapoteza wakati," alisema Onesphore, mwenyekiti wa chama. Alikuwa mtu mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi, na alipenda kumsimamia mtu karibu mno. "Ni yeye peke njo alikuwa hapa ndani. Na Frédéric alimupigia simu Dimanche, siku ya misa, mara mbili. Nani asiyejua kama Frédéric njo anatafuta kukula mashamba yetu?"

Frédéric alikuwa tajiri wa mjini aliyedai kwamba amenunua kihalali mashamba ya kando ya mfereji. Jina lake lilikuwa limeshatajwa mara nane asubuhi ile, na Olga aliliandika mara moja tu.

"Ukae, Papa Prezida. Tutafika kwa Frédéric."

Bruno ndiye aliyekuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa maneno machache isipokuwa ukimuuliza juu ya mashine, na polisi walimwita kila kesi ilipokuwa na waya ndani yake. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa mtandao na kumkataza kila mtu kuchomeka chochote.

"Tazama," alisema. "Kila faili iko fasi yake, lakini jina imeongezewa mukia. Ukifungua, ni herufi za bure. Na mu kila dosye yenye kubeba faili wameacha barua."

Barua ilikuwa ya Kifaransa kibovu. Ilisema faili zimefungwa, ufunguo upo kwa mwandishi, alipwe kwa fedha ya mtandaoni ndani ya saa sabini na mbili, la sivyo ufunguo utaharibiwa.

"Inafunga namna gani?" Olga aliuliza.

"Inafanya kazi kama karani. Inachukua faili moja, inaisoma, inaandika kopi ingine yenye kufungwa, inafuta ile ya kwanza, inaenda ku yenye kufuata. Ya kwanza ilifungwa saa ine na dakika kumi na saba. Ya mwisho, saa tano na nusu."

"Saa moja na zaidi, na katibu anakaa hapa hapa anaangalia?"

"Angeona tu ordinatere, mashine hii, imekuwa nzito. Hapa kwetu ni ordinatere gani haiko nzito?"

Olga aliuliza kama walikuwa na nakala mahali pengine. Onesphore alionyesha chini ya meza. Palikuwa na diski ya nje, ndogo, imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli na kufuli kwenye mguu wa meza, waya wake ukiwa umeingia kwenye kompyuta.

"Ju ya wezi," alisema.

Bruno alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kopi inapaswa kulala mbali. Hii ilishikana na mashine saa zote, basi ile programu imeiona ni faili kama zingine. Imefunga na yenyewe."

Olga alipiga goti, akashika ule mnyororo. Grisi ikabaki kidoleni. "Huu munyororo ni mupya."

"Ya juma mbili hivi. Anne-Marie alikuwa anabeba diski nyumbani kila jioni. Nikasema apana, siku moja itapotea." Onesphore alitikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa nachunga kintu na mwizi mwenyewe iko ndani."

Olga akaandika: mnyororo, wiki mbili, amri ya mwenyekiti. Kisha akamgeukia Bruno. "Ilipitia wapi?"

"Ku flashi. Saa ine na robo muntu alichomeka flashi, mukawa faili inaitwa *Marehemu*. Kwa macho ni picha. Kwa kweli ni programu imevaa sura ya picha, na mashine inaficha mwisho wa jina, basi unaona picha tu. Flashi yenyewe haiko." Bruno akafuta vumbi la kioo kwa kiganja, kama mtu asiyependa habari aliyonayo. "Na dakika moja nyuma yake, antivirus, ile mulinzi ya mashine, ilizimwa. Haikuzimwa na programu, Mama Inspekta. Ilizimwa na mukono ya muntu, hapa, na hii souris ya kubonyeza."

Onesphore alifungua viganja vyake viwili. Olga alifunga daftari. Alikuwa ametamani yule mwanamke awe hana kosa, na alijua kwamba mpelelezi anayetamani ni mpelelezi mbovu. Akapanda gari kwenda kituoni.

Anne-Marie alikuwa kwenye benchi la mahabusu, mgongo umenyooka, miguu mitupu. Tangu Jumatatu hakuwa amejibu swali hata moja. Olga hakufungua daftari. Aliketi kando yake, wakatazama ukuta pamoja.

"Marehemu alikuwa nani, Mama Anne-Marie?"

Mwanamke alishtuka. "Sasa weye umejuaje?"

"Ordinatere imesema. Sasa nataka useme weye."

Anne-Marie aliuliza leo ni siku gani. Alipoambiwa Jumatano alishusha pumzi ndefu. "Basi wamekwisha kumuzika. Naweza kusema."

Akasema. Jumatatu mwanamke mmoja aliingia ofisini, macho mekundu, kitenge kimefungwa kiunoni kama wafiwa wanavyofunga. Baba yake, Papa Pierre, amefariki kijijini Runingu, wanazika kesho, wanataka picha ya kuweka kwenye msalaba. Vibanda vyote vya kuchapa havikuwa na umeme siku ile, ila ofisi ya Umoja ilikuwa na paneli ya jua.

"Mukazungumza nini?"

"Tulilia kwanza," alisema Anne-Marie, kana kwamba hakuna njia nyingine.

Na kweli hakuna. Uvira nzima, mtu akikuingilia na msiba, humuulizi kitambulisho wala humtajii bei ya karatasi. Unampa pole, unalia naye kidogo, unamfanyia alilolijia. Ukimkatalia, jina lako litasemwa kwenye matanga hadi siku ya arobaini, na wewe mwenyewe utaona ni haki lisemwe.

"Na antivirus?"

"Ilipiga kelele, rangi nyekundu, ikakataa picha. Minye nitamwambia muntu wa matanga kama papa yake ni virusi? Délice mwenye kuchapa pale ku barabara alinifundisha: ikilia, uizime, uchape, kisha uwashe. Kila siku inakula picha za watu bure. Nikaizima. Picha ikafunguka muzuri tu, nikatia musalaba kando, nikaandika *Pumzika kwa amani*, nikachapa."

"Sababu gani haukusema tangu Lundi?"

Anne-Marie alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mungeenda kumufunga ile mama, na papa yake hajaingia mu udongo? Nilisema wazike kwanza. Minye naweza kungojea."

Olga alihisi hasira kali, na hakujua anamkasirikia nani. Siku mbili za mahabusu, watoto watatu kwa jirani, kwa ajili ya mazishi ya mtu asiyemjua.

"Na Frédéric?"

"Aliomba kuona fishi moja ya kando ya mfereji. Nikamujibu ruhusa ni ya Papa Prezida. Jioni ile ile nikamwambia Papa Prezida."

"Ulimwambia yeye mwenyewe? Dimanche?"

"Ndiyo. Ni mukubwa wangu."

Olga alilirudia jibu hilo kichwani mara mbili. Kisha akauliza kama picha ya marehemu ipo. Mwanamke alikuwa amechukua mbili, alisema Anne-Marie, lakini ya kwanza iliharibika, wino ulikatika, ukaacha mstari mweupe shingoni. "Sikuitupa. Muntu amekufa, utatupa sura yake mu takataka? Iko ndani ya Biblia yangu, mu tirwari ya meza."

Ilikuwa pale ofisini, kwenye droo, katikati ya Zaburi. Mzee mwembamba, mwenye kucheka bila meno ya mbele, kofia ya ukili kichwani, mpya kabisa, ukingo wake mviringo. Nyuma yake palikuwa na mlango wa zege wa mfereji, na juu ya zege namba 4 ya rangi nyekundu.

Olga alimpigia simu chifu wa Runingu. "Matanga?" yule alisema. "Hapa kwetu hakuna aliyekufa tangu mwezi uliopita. Papa Pierre mwenyewe simujui." Na Runingu hapakuwa na milango ya mfereji yenye namba nyekundu. Milango ile Olga alikuwa ameiona mara nyingi akipita Kiringye.

Saa tano alikuwa njiani, gari la polisi likilalamika kila shimo la barabara ya bonde. Ng'ombe walikatiza walipotaka. Alitazama saa mara nyingi kuliko alivyotazama barabara, na nusura aingie mtaroni.

Pale Kiringye, mwanamke aliyekuwa anaanika mpunga kando ya barabara aliitazama picha, akacheka, kisha akaona msalaba, akaacha kucheka.

"Huyu ni Papa Ciza. Amekufa saa ngapi? Asubuhi alipita hapa akaniomba chumvi!"

Papa Ciza alikuwa nyuma ya nyumba yake ananoa jembe. Olga alipiga goti moja kumsalimia, kisha akampa picha kwa mikono miwili, akijutia kila hatua iliyomleta na karatasi ile. Mzee aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Ni minye," alisema. Kidole chake kikapita juu ya msalaba. "Nani amenizika, binti yangu?"

"Hilo njo nalitafuta, Muzee. Picha hii ulipigwa siku gani?"

Mzee alivua kofia aliyokuwa nayo kichwani. Ilikuwa ile ile, ila ukingo wa upande mmoja ulikuwa umetafunwa hadi karibu na sikio. "Niliinunua ku soko asubuhi ya kuvuna. Magaribi mbuzi ya mukazi wangu, mama ya watoto, iliikula. Hapa iko nzima. Basi ni siku ile tu, hakuna ingine."

"Na nani alikupiga?"

"Onesphore, na simu yake. Alisema ni ju ya karte ya memba. Minye karte sijaiona mpaka leo."

"Hakuna mwingine aliyekupiga siku ile?"

"Nani atapoteza simu yake kwa kunipiga minye picha?"

Olga alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Anne-Marie hakuwahi kufika Kiringye. Aliwajua wakulima kwa majina na vidole gumba tu, na fishi aliletewa na mwenyekiti. Sura hii kijiji kizima kiliijua, ofisini haikujulikana.

"Muzee, shamba yako iko upande gani?"

"Kando ya mufereji. Inapakana na ya Onesphore. Sasa naambiwa ameiuza kwa Frédéric, na tangu ameiuza, vijiti vya mupaka vimetembea mpaka katikati ya mupunga yangu." Akarudisha kofia kichwani. "Lakini fishi yangu iko Uvira. Ijumaa juji ataiona."

Olga alishindwa kumwambia. Alimwomba tu aingie garini.

Saa tisa na nusu waliingia ofisini Kimanga. Bruno alikuwa bado mbele ya kioo, na Onesphore kwenye kiti cha katibu, akiandika kitu kwenye simu. Aliinua kichwa, akamwona Papa Ciza mlangoni. Mtu mwingine angesalimia. Onesphore aliitazama kompyuta kwanza.

"Papa Prezida," alisema Olga, akiweka picha mezani, "huyu njo marehemu aliyeingia mu ordinatere. Picha ilitoka ku simu yako, siku ya kuvuna. Tunaweza kuitafuta pamoja."

"Simu yangu iko na picha mingi. Zinaweza kuibwa."

"Zinaweza. Na diski? Ilikuwa inalala nyumbani kwa Anne-Marie. Ingelala huko, fishi zingekuwa salama. Weye njo uliifunga hapa, juma mbili tu zimepita."

"Ju ya wezi, nimesema."

"Na Dimanche jioni uliambiwa kama Frédéric anaomba fishi moja. Moja tu, ya mupaka na huyu Muzee, yenye ingeonyesha kama umeuza na mupunga yake. Lundi asubuhi fishi zote zimefungwa. Na uliyemutuma alijua Anne-Marie hatamukatalia muntu wa matanga. Ni nani anajua roho ya Anne-Marie vizuri hivyo, kama si mukubwa wake?"

Papa Ciza alikuwa bado amesimama. "Onesphore," alisema taratibu, "mwanangu njo alisimamia mutoto wako ku ubatizo."

Shati jeupe la mwenyekiti likaanza kulowa kwapani. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Ningefuta ile moja, mungejua mara moja ni minye. Nikasema zikifungwa zote, hakuna atakayejua ni ipi nilikuwa natafuta. Munyororo nilitia tangu kesi ilipopewa siku. Ile mama ni Divine, shemeji yangu, mudogo wa mukazi wangu. Hajui kitu, nilimwambia ni muchezo wa ofisi."

"Basi upane ufunguo, uutoe," alisema Olga. Alijisikia anaomba, na hakujali. "Fishi zirudi leo, na nitaandika ku proseverbali, karatasi ya Parke, kama ulisaidia. Upane, Onesphore."

"Sina."

"Usinichezee."

"Sina, Mama Inspekta! Ile programu niliipata kwa muntu mumoja ku simu, sijawahi kumuona. Alisema kesi ikipita atanitumia ufunguo, nizifungue, nionekane nimeziokoa. Tangu Lundi namuandikia. Hajibu. Tazama." Akasukuma simu mezani. Ujumbe kumi na tisa, wote wake, hakuna hata mmoja uliosomwa.

Olga akamtazama Bruno. Fundi alitikisa kichwa. "Ufunguo haikai hapa. Inafungiwa tena na ufunguo ingine, yenye iko kwa yule wa mbali. Minye siwezi, na sijui muntu anayeweza. Pole."

Papa Ciza aliuliza kama fishi yake ilikuwa mle ndani. Bruno alisema ndiyo. Mzee alikisogelea kioo, akatazama yale majina yenye mikia, akatafuta la kwake, ingawa hakujua kusoma. Hakuna aliyemzuia.

Saa kumi kasoro dakika tano Olga alitia sahihi ya kumwachia Anne-Marie. Mlango wa mahabusu ulifunguliwa, mlinzi akamrudishia simu, mkanda na kandambili zake. Olga alimweleza yote palepale uwanjani, kwa maneno machache, kwa sababu hakuona njia ya kuyapamba.

"Hakufa?" Anne-Marie alisema.

"Iko muzima. Iko inje, anataka kukusalimia."

"Mungu asifiwe!" Uso wake ulifunguka wote, furaha ya kweli, ya mtu aliyerudishiwa ndugu. Ikakaa hapo kidogo, kisha Olga akaiona inaondoka. "Basi ile mama alikuwa analia nini?"

"Alitumwa alie."

Anne-Marie alifunga kitenge chake upya, akakifungua, akakifunga tena. "Nilimushika mukono. Niliimba naye wimbo mbili. Nililala hapa usiku mbili nikimuombea papa yake." Akatazama mlango wa mahabusu. "Na fishi za watu?"

"Hazirudi."

Mwanamke alitikisa kichwa pole pole, kama anayekubali hesabu ngumu. Kisha akauliza, na hakuwa anauliza kwa uchungu, alitaka tu kujua namna ya kufanya kazi kuanzia kesho: "Mama Inspekta, siku ingine muntu akiingia anapanguza machozi, minye nimulombe kwanza karatasi ya kifo?"

Olga alitafuta jibu lingine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaambia watu wabadilishe kufuli, waongeze nondo, wasifungue mlango bila kuuliza ni nani. Hakuwahi kuona haya kwa kusema hivyo.

"Ndiyo," alisema. "Utamulomba."

Anne-Marie alikaza fundo la kitenge. Kisha akavaa kandambili zake, akatoka kwenda kwa watoto wake bila kuaga.